Tope la Mto Kuja

Akinyi ndiye aliyenitambua kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye duka la dawa mjini Homa Bay, nikisubiri jina langu liitwe, aliponishika kiwiko na kusema, "Boke? Si ni wewe Boke wa Karungu?" Ana mvi sasa, na miwani mizito, lakini sauti yake ni ileile ya chini ambayo zamani ilinilazimu kuinama ili nimsikie. Tulivuka barabara tukaketi kwenye kibanda cha chai, akaniambia kwamba mama mkwe wake amefariki huko Kisegi na atazikwa Jumapili, kwa sababu familia ni Waadventisti na Jumamosi yao haiguswi. Nilimpa pole. Tukawataja wengine mmoja mmoja, na kila tuliyemtaja alikuwa ameshatangulia: Mzee Ouko, shemeji wa huyo mama mkwe; Daktari Musyoka, aliyezikwa kwao Ukambani bila sisi kuwepo. Akinyi alikoroga chai yake muda mrefu ingawa haikuwa na sukari. "Basi tumebaki mimi na wewe," alisema. "Watoto wakiniuliza kwa nini lile kaburi liko vile, mimi najua nusu tu. Wewe ndiye ulikuwa kwa boti." Nilimwahidi kwamba nitaandika. Ninaandika sasa, kabla ya Jumapili.

Mwaka ni 1998. Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia zilikuwa zimekataa kukoma, na Mto Kuja ulikuwa ukiingia ziwani ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyopikwa kupita kiasi. Mradi wetu ulikuwa umepanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la Karungu, yenye bati lililopiga kelele sana mvua iliponyesha, hata tukawa tunaongea kwa mikono. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi: meza mbili, kompyuta moja iliyofunikwa shuka, na ukutani picha za ziwa zilizopigwa kutoka angani miaka ya nyuma. Chumba cha kati kilijaa chupa za maji ya ziwa, kila moja na karatasi yake shingoni, tope limetua chini na maji yametakata juu. Chumba cha nyuma nililala mimi, Mkuria wa Ntimaru, niliyeajiriwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na sikutapika kwenye boti. Daktari Musyoka, mtaalamu wa maji aliyeongoza mradi, na Odhiambo, nahodha wetu, walilala kwenye nyumba ndogo uani, na kila asubuhi niliwasikia kupitia ukuta wakibishana ni nani aliyekoroma.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, maana Daktari alinifundisha kuieleza hivyo. Mto unaleta udongo kutoka mashambani. Udongo ukifika ziwani hautawanyiki ovyo. Unachukuliwa na upepo na mikondo, unafuata ufuo, na mahali fulani unatua. Unapotua, unaziba mabomba ya maji, unafukia mahali samaki wanapozalia, na boti zinakwama mahali ambapo zamani zilielea. Daktari alikuwa na modeli, yaani hesabu ndefu ndani ya ile kompyuta: unaipa upepo, mvua na nguvu ya mto, nayo inakuambia tope litaishia wapi. Shida ni kwamba modeli ilikuwa inakisia. Alitaka kuipa macho, na macho hayo yalikuwa setilaiti iliyopita juu yetu kila baada ya majuma mawili hivi, asubuhi, ikapiga picha ya ziwa lote kwa mara moja. Lakini picha peke yake ni rangi tu. Ili ujue rangi fulani ni tope kiasi gani, lazima mtu awe juu ya maji saa ileile setilaiti inapopita, ashushe sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane tena, aandike kina, ajaze chupa, asogee mbele, arudie. Kwa hiyo siku ya kupita hatukuchagua sisi. Mawimbi yawepo, malaria iwepo, tulitoka.

Odhiambo aliiita setilaiti Mgeni. "Daktari, Mgeni anapita leo? Basi wacha nioge." Alikuwa mrefu, na ulimi wake haukuwa na likizo. Alinitania kwa sababu ya ng'ombe: "Boke, wewe ni Mkuria gani huna hata ndama? Ama uliwaficha kwa chupa za Daktari?" Daktari alitaniwa kwa sababu ya samaki. Kwao hakukuwa na ziwa, na alimla mbuta kwa uangalifu wa mtu anayetegua bomu. "Angalieni," Odhiambo alizoea kusema, akiwa ameshamaliza wake na kulamba vidole, "anatafuta mfupa mpaka ndani ya ugali." Tulikula uani kwenye viti vya plastiki, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, samaki wa mchuzi, mboga ya mrenda iliyoteleza mpaka Daktari akaikataa katakata. Ijumaa jioni Odhiambo alipanda gari la mwisho kwenda Kisegi kwa mama yake na Akinyi, mke wake ambaye walikuwa wameoana muda si mrefu. Jumapili alirudi na omena, dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri na salamu za mama: Daktari aoe, Boke aolewe, boti isitoke upepo ukiwa mkali.

Asubuhi ile ya Aprili haikuwa na upepo. Naitaja hali ya hewa kwa sababu kwa miaka mingi watu wameniuliza kama kulikuwa na dhoruba, na hapakuwa na dhoruba. Anga ilikuwa imefunguka baada ya siku nyingi za mawingu, na Daktari alifurahi kama mtoto, maana picha isiyo na wingu mwaka ule ilikuwa kitu adimu. Tulikuwa mbele ya mdomo wa mto, mahali ambapo maji mekundu ya mto hukutana na maji ya kijani ya ziwa, na mpaka kati yao unaonekana kama umechorwa. Magugu-maji yalikuwa kila mahali mwaka ule, mazulia mazima yakielea, na kamba yetu ya sahani ilichukuliwa nayo ikajisokota kwenye panga la injini. Injini ilizima. Odhiambo akavua boya alilovaa, kwa sababu mtu hawezi kupiga mbizi akiwa amevaa boya, akashika kisu mdomoni ili atuchekeshe, akateremka. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mbele yetu. Boti ilitikisika kidogo alipokuwa akikata. Daktari alitazama saa yake, kisha akatazama juu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa. Inapita sasa." Mimi pia nilitazama juu, ingawa hakuna kinachoonekana. Kamba ikalegea, boti ikaanza kusogea na maji, zulia la magugu likaja likafunika pale tulipokuwa. Odhiambo hakutokea upande wa kushoto, wala wa kulia. Tuliita. Daktari, ambaye hakujua kuogelea, aliingia majini akishikilia ukingo wa boti, na ilinibidi nimvute kwa ukosi wa shati.

Wavuvi walimtafuta kwa siku nyingi. Kwa kawaida, waliniambia, ziwa humrudisha mtu wako, unangoja tu ufuoni. Lakini mto ulikuwa umefurika na magugu yalikuwa yamefunga maji kama kifuniko, na boti zilizotoka asubuhi zilirudi jioni na makasia yenye majani yaliyonata. Mwishowe wenye boti wakaacha kuja, kila mmoja kwa aibu yake, kila mmoja akituma salamu.

Nyumbani Kisegi palijaa watu wasiokuwa na la kufanya. Matanga yalikuwa yameanza na hapakuwa na maiti. Chumba cha mbele cha mama kilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda za kanisa za miaka iliyopita zikiwa bado zimetundikwa kwa ajili ya picha zake, na meza ya chini ambayo juu yake vikombe vya chai vilijaa na kupoa. Mama Odhiambo alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaa wima, mikono juu ya magoti. Alimuuliza Daktari kwa Kiswahili, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. "Niambie mlikuwa mnafanya nini huko. Mlikuwa mnavua?" Daktari angeweza kusema tulikuwa kazini, akaishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kueleza vitu, na majonzi yalikuwa yamemfungua mdomo zaidi. Alimweleza yote: mto, tope, kamera inayopita juu, saa ya kupita. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Hiyo kamera ilipita siku hiyo?"

"Ilipita, mama."

"Ikapiga picha?"

"Ilipiga."

"Saa hiyo hiyo alikuwa kwa maji?"

Daktari alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia. "Saa hiyo hiyo," alisema.

Hakuuliza tena. Keshoye Mzee Ouko, ndugu ya marehemu mumewe, alikuja na wazee wawili na panga. Mimi nilikuwa jikoni na Akinyi, tukimenya viazi, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa matope na haukuzuia neno. Mzee Ouko alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema muda umetosha. Alisema kwa Wajaluo mtu aliyepotea majini haachwi nje. Hutafutwa tunda la yago, lile refu linaloning'inia kwa kamba kwenye mti wake, nalo huvishwa, huwekwa ndani ya jeneza na kuzikwa nyumbani kwake kwa jina lake, kama mwili. Nilikuwa sijawahi kusikia jambo hilo. Akinyi alininong'oneza kwamba ni kweli, na kwamba mti wenyewe uko karibu na mto, na kwamba tunda hilo halitaki kuokotwa, hukatwa. Kisha tukasikia sauti ya mama, ndogo lakini imenyooka. "Hapana, Ouko. Yago ni ya mtu ambaye hakuna aliyemwona. Mwanangu, kuna aliyemwona." "Nani?" aliuliza mzee. "Kuna picha. Inakuja." Mmoja wa wazee alicheka, kisha akajikohoza. Mzee Ouko alimwita kwa kwao, binti wa Gwassi: "Nyar Gwassi, wewe unangoja picha kutoka mbinguni?" Naye akajibu, "Si mbinguni. Daktari anasema kutoka Nairobi."

Kuanzia siku hiyo kila mtu katika boma lile alikuwa akingoja karatasi. Picha zetu ziliagizwa ng'ambo, zikapitia Nairobi, na wakati ule hapakuwa na njia ya kuziharakisha, zilichukua miezi. Daktari alirudi Kisegi mara mbili kumweleza mama kwamba picha haitaonyesha mtu. Alimchorea kwenye karatasi: kila nukta moja kwenye picha ni kipande cha ardhi chenye upana wa shamba dogo, boti yetu nzima imo ndani ya nukta moja na haionekani. Mama aliitikia kila neno. Halafu aliuliza, "Inakuja lini?" Nilimwona Daktari akiondoka pale akiwa amezeeka.

Aliyeumia wazi zaidi alikuwa Akinyi, na hakuna aliyemuuliza. Mumewe hakuwa amezikwa, kwa hiyo hakuwa mjane, na hakuwa mke pia. Asingeweza kwenda sokoni kuuza omena, wala kuingia nyumba za watu, wala kulala kwao hata usiku mmoja, mpaka mazishi yafanyike na mambo yake yamalizwe. Alilala katika nyumba ambayo Odhiambo alikuwa ameijenga, yenye dirisha moja lisilo na kioo bado, na kila nilipomtembelea alikuwa ameifagia tena. "Dada Boke," aliniambia siku moja, akiwa ameketi mlangoni akichambua mawe kwenye mchele, "mimi nampenda mama. Lakini anangoja mtu arudi, na mimi nangoja ruhusa ya kulia." Kwa desturi kilio kina wakati wake na namna yake, na wakati huo ulikuwa haujafunguliwa. Alisema hayo bila kupandisha sauti, na akaendelea na mchele.

Picha ilifika Agosti. Dereva aliileta Karungu ndani ya mfuko mrefu wa karatasi ngumu, na Daktari aliifungua mezani mbele yangu, akaweka chupa nne za tope kwenye pembe ili isijikunje. Nitasema ukweli kwamba jambo la kwanza tulilofanya wote wawili ni kufurahi. Haikuwa na wingu hata moja. Ziwa lilikuwa jeusi, nchi kavu ilikuwa nyekundu, na kutoka mdomo wa mto ulitoka ulimi mrefu wenye rangi ya samawati hafifu, ukapinda kulia, ukafuata ufuo kwenda kaskazini, ukatanda ndani ya ghuba moja na kuishia hapo. Modeli ilikuwa imesema tope lingeenda moja kwa moja mbele, katikati ya ziwa. Picha ilisema linapinda. Daktari alivuta kiti na kuanza kubadilisha hesabu hapo hapo, na jenereta ililia mchana kutwa. Jioni alizima kompyuta, akafunika uso wake kwa viganja, akasema, "Kesho tunaenda Kisegi."

Mama alikuwa ametandika meza. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa. Mzee Ouko alikuwepo, kofia juu ya goti, na Akinyi alisimama mlangoni. Daktari alitandaza picha, na mama akarudi nyuma.

"Hii ni damu?"

"Hapana, mama, hapana. Ni majani. Kamera hii huyaona majani kwa rangi nyekundu. Haya yote ni mashamba."

"Mahindi ni nyekundu?"

"Kwa kamera hii, ndiyo."

"Enyewe kamera imelewa," alisema Mzee Ouko, na hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka mtu acheke.

Mama aliinama karibu. Aliomba aonyeshwe Kisegi, akaonyeshwa. Aliomba aonyeshwe mto, akaufuata kwa ukucha wa kidole kidogo bila kuigusa karatasi. Akafika kwenye mdomo. Alibaki pale kwa muda mrefu, akisogeza kichwa, mara karibu, mara mbali, kama mtu anayetafuta pa kutia uzi kwenye sindano. Hatimaye alisema, "Mwanangu ni mdogo kuliko hii nukta." Daktari akasema ndiyo. "Na hii nyeupe nyeupe ni tope la siku hiyo." Ndiyo. "Linaishia wapi?" Daktari akaweka kidole kwenye ghuba ya kaskazini. "Kila kitu kilichotoka mtoni siku hiyo kinaishia hapo?" Nilikuwa nimeketi kando yake, na nilisikia alivyovuta pumzi. "Tope huishia hapo, mama," alisema. Alisema tope. Nimelishika neno hilo miaka yote hii, kwa sababu alilichagua. Lakini kidole chake kilibaki juu ya ghuba, na mama alikuwa akitazama kidole.

"Nipelekeni," alisema.

Tulimpeleka. Mwendeshaji alikuwa mtu mwingine, wa kukodi, asiyesema kitu. Mama aliketi katikati ya boti akiwa na kitambaa cha kichwa kilichofungwa imara na karai la bati mapajani, akaimba wimbo wa kanisa kwa kunong'ona kutoka ufuoni mpaka tulipofika. Katikati ya ghuba Daktari alishusha kile chombo chetu cha kuchotea tope, mdomo wa chuma wenye taya mbili unaofunga ukigusa chini. Tulikivuta juu. Tope la chini ya ziwa ni laini sana, la kijivu, na lina harufu ya kisima cha zamani. Mama alikinga karai. Daktari alifungua taya, na tope likaanguka ndani kwa sauti nzito. Mama aliliweka sawa kwa kiganja, akalifunika kwa leso. "Sasa Ouko anaweza kukata yago," alisema.

Kwa hiyo walilikata. Ndani ya jeneza liliwekwa tunda lililovishwa shati la Odhiambo, na pembeni, pale ambapo mkono ungelala, karai la tope. Mzee Ouko alinong'ona kwamba hajawahi kuona yago ikizikwa na tope, kisha akasema kwa sauti mbele ya watu wote kwamba ziwa limerudisha kilicho chake, na hakuna aliyebisha. Akinyi alilia. Alilia kwa namna inayotakiwa, akikimbia kutoka langoni mpaka kaburini, mikono kichwani, akimtaja, akimtukana kwa kumwacha, na wanawake walimfuata. Nilisimama kando ya Daktari. Alikuwa amevaa tai. Mama peke yake hakulia; alikuwa akipanga viti vya wageni.

Baada ya hapo kazi iliendelea, kwa kuwa mradi una tarehe zake. Modeli sasa iliwezeshwa na picha, na ilikisia vizuri kuliko mwanzo, lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Kiasi cha tope tulichochota katika ghuba ya kaskazini kilikuwa kidogo mno kwa kile mto ulichokuwa ukimwaga. Tope jingine lilikuwa likienda mahali. Novemba Daktari alitengeneza makopo ya kuelea, yenye mabawa ya bati chini yake: mengine yalining'inia juu juu, mengine yalifungiwa kamba ndefu ili mabawa yake yashikwe na maji ya chini. Tuliyaachilia mbele ya mto, tukayafuata kwa boti. Makopo ya juu yalikwenda kaskazini, kama picha. Yale ya kamba ndefu yalisimama kidogo kama yanafikiri, halafu yakaanza kwenda upande mwingine, kusini, kuelekea Muhuru. Tulirudia siku nyingine, yakafanya vilevile. Upepo ulikuwa ukisukuma maji ya juu kaskazini, na maji ya chini yalikuwa yakirudi kinyume. Kilicho chepesi kilipanda juu na kuonwa na kamera. Kilicho kizito kilizama, na kilichozama kilikwenda kusini.

Alinieleza hayo uani, jioni, sahani zetu zikiwa bado kwenye meza. Ulikuwa ugunduzi mzuri. Modeli ingekuwa na tabaka mbili sasa, juu na chini, na ingekuwa bora kuliko nyingine zozote alizozijua. "Kamera inaona ngozi tu, Boke," alisema. Kisha, "Nitamwambia." Nilimuuliza ni nani, ingawa nilijua. Nilimwambia aache. Nilimwambia mama ameanza kwenda kanisani tena, Akinyi ameanza kuuza omena, watu wamepata pa kukanyaga. Alinisikiliza, halafu akauliza, "Niandike kwenye ripoti wasome watu wa Nairobi na wa ng'ambo, na yeye peke yake asijue?" Nikaanza kukusanya sahani.

Tulimkuta mama nje ya nyumba akipembua maharagwe kwenye ungo. Akinyi alikuwa sokoni. Mama alituletea vigoda, akaendelea kupembua, na Daktari akamweleza, bila picha safari hii, kwa mikono: kiganja kimoja juu kikienda huku, kiganja kingine chini kikienda kule. Alipomaliza, viganja vyake vilibaki hewani.

"Kwa hivyo lile tope si la mahali alipo," mama alisema.

"Labda silo, mama. Sijui."

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua."

"Basi hukunidanganya." Alitupa punje mbovu kwa kuku. "Na sasa unataka nini?"

Daktari alisema, akikwama kwama, kwamba tunaweza kwenda kusini, kwamba boti ipo, kwamba tunaweza kuchota tena kule. Mama aliweka ungo chini.

"Daktari. Siku ile nilikuomba mahali, na ukanipa mahali. Nikichota la kusini, mwaka ujao utakuja na la wapi? Nitafukua hilo kaburi mara ngapi?" Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kurudi barabarani. "Wewe andika vile umeona. Hiyo ni kazi, na Odhiambo aliipenda hiyo kazi, alikuwa anatuchosha nayo hapa. Lakini kwa hili boma, mwanangu yuko pale." Alionyesha kwa midomo, kama wanavyofanya huko. "Akinyi asisikie haya maneno."

Daktari alisema hatasikia, nami nimeitunza ahadi hiyo mpaka mama alipofariki. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Mama akainuka, akaingia nyumba ya jikoni na kutoka na jembe. Tulimfuata upande wa kushoto wa boma. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimelila kaburi. Tuta lilikuwa limemomonyoka upande wa chini, na udongo wake ulikuwa umetiririka kwa mistari myembamba mpaka kwenye ua wa minyaa, ukapita chini ya ua, ukaenda zake. Mama alimpa Daktari jembe. Daktari alivua koti, akanipa mimi. Alianza kuukusanya udongo kutoka kwenye ua, kwa bidii na bila ufundi, akiupandisha na kuushindilia kwa mgongo wa jembe, na viatu vyake vya ofisini vikawa vyekundu. Alipofika kichwani mwa kaburi alisimama kupumua.

"Na upande huu," mama alisema.